Kabla ya kununua gobore la Pennsylvania, mulika nakshi yake

Gobore la kwanza nililonunua hapa Pennsylvania nililinunulia jina. Juu ya mtutu palichorwa jina la fundi wa Lancaster, nami nikalipa bila hata kuligeuza upande wa shavu. Nakshi yake ilipendeza, ila ilichongwa karibu miaka 200 baada ya bunduki yenyewe.

Siku hizi jina nalisoma mwisho. Naanza na ule upande wa kitako unaogusa shavu la mpigaji, maana hapo ndipo mafundi wa zama za Jacob Dickert na John Philip Beck, watengenezaji bunduki wa Pennsylvania wa karne ya 18, walipomwaga ujuzi wao: majani na vikonyo vilivyojikunja kama herufi C, mtindo wa rokoko uliotoka Ulaya. Naomba taa izimwe, kisha naimulika nakshi kwa tochi ndogo iliyolazwa ubavuni, karibu iguse mti.

Tazama uwanja, yaani mti mtupu unaolizunguka ua lililochongwa. Fundi wa mwaka 1790 alijua mapema kwamba atachonga, hivyo aliacha mti wa ziada, kisha akaushusha uwanja hadi ukalingana na mwili wa kitako. Ua likabaki limeinuka. Anayeghushi leo anakuta kitako kilichokwisha kulainishwa, ziada haipo. Hana budi kuchimba. Ukiweka rula pale, ua liko sawa na mwili na uwanja umekuwa kishimo. Mimi niliyekulia jirani na wachonga milango Zanzibar ningepaswa kuliona hilo mara moja. Wapi!

Nakshi ya mistari tu, isiyoinuka, nayo ipo tangu zamani. Hapo chunguza uchafu na rangi vilivyomo ndani ya mistari.

Nakshi iliyofifia isikutishe, mradi imeliwa na mikono. Mkono huviringisha vilele. Msasa huviacha bapa, kingo kali. Papasa pia kile kijaluba cha shaba ubavuni, kilichowekewa vitambaa vya kufungia risasi: kikiwa kimepanda juu ya mti pande zote, jua kuna mtu aliukwangua mti.

Bunduki ya gumegume, inayowasha baruti kwa cheche za jiwe, iliyogeuzwa kuwa ya fataki hainisumbui. Nyingi ziligeuzwa hivyo karne ya 19, na wenyewe wakaendelea kuwinda.

Lile gobore langu ninalo bado. Mtutu ni wa kweli.