Maswali yenu: perege wa Jipe na Chala

Tangu niandike kuhusu perege wetu wanaotoweka, ujumbe haujakatika. Najibu maswali machache.

Unasema perege wa Ziwa Jipe yuko hatarini. Mbona Soko la Mbuyuni perege wamejaa? (Himo)

Wamejaa kweli, ila wengi si yule ninayemsema. Perege wa Jipe, aliyeandikwa rasmi na wanasayansi mwaka 1955, asili yake ni bonde hili la Pangani tu, hana kwao kwingine duniani. Bwawa la Nyumba ya Mungu lina wageni walioletwa, akiwemo ngege wa Ziwa Victoria, na inauma kwamba ngege huyohuyo huko kwao naye anakaribia kwisha. Perege wa aina tofauti huzaliana. Wakizaa machotara, na machotara wakaendelea kuzaa, maji yanaweza kujaa samaki na perege wa Jipe asiwemo hata mmoja. Ukiangalia beseni la muuzaji hutajua.

Nafuga sato. Masika bwawa hufurika na maji huingia kwenye mfongo (mfereji wa kumwagilia). Kuna ubaya? (Hai)

Upo, ndugu yangu, na nashukuru umeuliza. Mfongo wako unarudi mtoni. Kikafu inaingia Kikuletwa, Kikuletwa inaingia Nyumba ya Mungu. Sato naye ni aina ya perege, na kifaranga kilichotoroka kwako leo kina njia nyeupe hadi kwa perege wetu. Inua kingo kabla ya mvua, funga wavu wa matundu madogo kwenye bomba la kutolea maji, na uusafishe kila siku, maana majani yakiziba, maji yatapita juu. Ukinunua vifaranga, omba vya madume watupu. Hiyo pekee haitoshi, kwa hiyo usiache wavu.

Kwa nini tusimwage vifaranga Ziwa Chala ili samaki waongezeke? (Rombo)

Nakuomba, msifanye hivyo. Chala ni ziwa la kreta lenye kilometa za mraba 4 hivi, halina mto unaoingia, linalishwa na maji ya chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro. Humo ndimo alimo perege aliyeelezwa na mwanasayansi Günther mwaka 1889, ambaye jina lake la kisayansi, Oreochromis, lina maana ya mlima ndani yake. Jina hilo leo hubebwa na jamii nzima ya perege, hata sato. Tayari kuna perege mwingine aliyepandikizwa humo, mwenye asili ya upande wa Korogwe. Mkiongeza wageni wengine, hatari ni ileile ya machotara.

Ni kweli perege hulea watoto mdomoni? (mwanafunzi, Moshi)

Kweli, mwanangu. Dume huchimba kishimo kwenye mchanga wa maji mafupi, jike hutaga hapo, kisha huyachota mayai kwa mdomo na kuyatunza hadi watoto waweze kuogelea. Mama mmoja muuzaji aliwahi kunifungulia mdomo wa perege mbichi. Mayai yalikuwa ndani, ya manjano, kama punje za mtama zilizolowekwa. Nilimnunua, lakini sikuweza kumla.

Jirani amelima hadi ukingoni mwa mto. Nifanye nini?

Sheria inakataza shughuli kama hizo ndani ya meta 60. Anzia serikali ya kijiji. Wakinyamaza, nenda Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ofisi zao ziko hapahapa Moshi. Usingoje masika, kwa sababu udongo wa shamba hilo ndio utakaokwenda kufukia vile vishimo vya mchangani.