Lori kukata nguvu mlimani: anza na hewa

Ndugu, kama asubuhi lori linagoma kuwaka mpaka upige pampu ya mkono ya dizeli, na mlimani linakata nguvu, usikubali pampu kubwa, ile inayopeleka dizeli kwenye nozeli, ifunguliwe bado. Nashuku hewa imeingia kwenye dizeli. Paipu ya kutoka tangini hadi pampu ndogo, ile inayovuta dizeli, inanyonya, haisukumi. Ikipasuka kidogo haidondoshi dizeli, inaingiza hewa tu, nawe utaikagua kutwa nzima ukiona pakavu. Funga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya pampu ndogo na filta, washa, tazama mapovu. Hakuna? Nyonyesha injini kutoka dumu la dizeli safi lililofungwa kwa kamba imara, kisha endesha. Likivuta vizuri, ubaya uko nyuma: chujio la tangini, au tundu la hewa la kifuniko cha tangi limeziba. Filta badilisha tu, usibishane nayo.