Kabla hujauza simujanja urudi kwenye kitochi

Dada, nimekuelewa: programu ya mkopo imewapigia wateja wako wa dagaa hapo Kibirizi, Kigoma, kukuchafua, sasa unataka kuuza simujanja. Usiuze kwanza, oda zako si zinapita WhatsApp? Piga picha jumbe zote za hao wa mkopo. Kisha ingia Mipangilio, Programu, Ruhusa, uizimie programu hiyo ya mkopo majina na namba za watu wako, picha na mahali ulipo, ndipo uifute. Deni halifutiki nayo, na majina waliyokwisha kuyachota hayarudi, kwa hiyo waambie wateja mapema. Na usijidanganye kwamba kitochi kitakuficha, nacho minara ya simu inajua kilipo. Hao wa mkopo wakiendelea, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria ya kulinda taarifa hizo ilitungwa 2022. Vitisho vya kukudhuru ni vya polisi, siku hiyohiyo.