Avata ya jinsia nyingine na sharti la kujithibitisha kwa sauti

Ndugu, umeuliza kama mwanamume anayetumia avata ya kike, yaani umbo linalomwakilisha mtumiaji, katika ulimwengu pepe wa kwenye kompyuta anawadanganya wenzake, na kama kundi lenu lifanye vyema kumtaka kila mwanachama athibitishe jinsia yake kwa kuzungumza kwenye kipaza sauti. Mimi ni mwanamume, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitumia avata ya kike na ya kiume kwa zamu. Kwa maoni yangu, umbo peke yake si uongo; uongo huanza pale mtu anapolitumia kujipatia imani ambayo asingepewa kama angejulikana.

Desturi yenyewe ni ya siku nyingi. LambdaMOO, ulimwengu wa maandishi matupu ulioanzishwa na Pavel Curtis mwaka 1990, ulimpa mtumiaji nafasi ya kujichagulia jinsia hata nje ya zile mbili za kawaida, na katika Second Life, ulimwengu pepe wa picha uliofunguliwa mwaka 2003, mtu hubadilisha mwili mzima kwa muda mfupi tu.

Jambo ambalo wengi hawalioni mpaka liwafike ni jinsi umbo linavyobadilisha mwenendo wa wengine. Nilipokuwa nikijenga ngazi katika uwanja wa mazoezi ya ujenzi ndani ya ulimwengu pepe nikiwa na avata ya kike, mtu nisiyemjua alikuja akasimama karibu mno, akaanza kunielekeza namna ya kuunganisha vipande ambavyo nilikwisha kuviunganisha, na niliposogea pembeni akanifuata. Baadaye nilirudi pale pale na avata ya kiume, nikajenga ngazi ya namna ile ile, wala hakuna aliyenikaribia hadi nilipoomba msaada mwenyewe. Sidai kwamba kwa hayo nimeyajua maisha ya mwanamke, kwa sababu mimi nikichoka hubadilisha avata na usumbufu ukaisha.

Umbo humbadilisha hata anayelivaa: mwaka 2007 watafiti Nick Yee na Jeremy Bailenson walionyesha kwamba watu waliopewa avata ndefu walishikilia msimamo zaidi katika kugawana fedha kuliko waliopewa fupi.

Kuhusu uaminifu, nina mpaka mmoja ambao siuvuki. Mwanamke mmoja tuliyezoeana kwa maandishi alipoanza kunisimulia mambo ya ndoa yake, akisema kwamba hayo asingemwambia mwanamume, nilimkatiza hapo hapo nikamweleza mimi ni nani. Alinyamaza kwa siku kadhaa. Aliporudi tuliendelea kujenga pamoja, lakini habari za ndoa hakuzigusa tena, na ilikuwa haki yake.

Sharti la kipaza sauti silikubali hata kidogo. Sauti nzito au nyembamba haithibitishi jinsia ya mtu, na anayependelea maandishi huenda ni kiziwi, ana kigugumizi, amebadili jinsia, au anamkwepa mtu aliyewahi kumsumbua. Mnaweza kuwafukuza hao wote huku tapeli mwenye programu ya kubadilisha sauti akipita bila shida. Ningependa kanuni yenu iseme kwamba mwanachama yeyote anayeomba fedha, picha za faragha au uhusiano wa kimapenzi lazima kwanza amweleze anayemwomba ukweli kuhusu nafsi yake, na kwamba asiyeomba lolote kati ya hayo aachwe na umbo alilolichagua.