Hayati au marehemu? Mlikuwa mnagombania neno lisilo na kosa

SWALI: Mwalimu, salaam aleikum. Raila Odinga alipofariki kule India, tarehe 15 Oktoba 2025, niliandika kwenye WhatsApp: "Marehemu Raila Odinga, aliyekuwa waziri mkuu wa zamani wa Kenya, pumzika kwa amani." Haikupita nusu saa ami yangu akanipigia simu nilifute neno marehemu, eti haandikiwi asiyekuwa Mwislamu. Jioni nikalipeleka suala barazani, kwenye kahawa, na mzee mwingine akaniambia kosa langu si hilo: mtu mkubwa haitwi marehemu, huitwa hayati. Nani kati yao mkweli? Msomaji, Majengo, Mombasa.

JIBU: Waaleikum salaam. Umenikumbusha ubao mweusi uliokuwa ukutani karibu na msikiti wa mtaa wetu nilipokuwa mdogo. Kukitokea msiba, mtu alikuja na kipande cha chaki akaandika jina la maiti, saa ya kuswaliwa na makaburi atakapozikwa. Maiti akiwa mwanamume, jina lilitanguliwa na marhum. Akiwa mwanamke, marhuma. Ami yako bila shaka alikulia mbele ya ubao kama huo. Akisoma marehemu, sikioni mwake linaingia marhum.

Kwa asili ya neno hakukosea. Limetoka Kiarabu, ni ndugu wa rehema na kurehemu, na maana yake ni aliyerehemewa. Ukilishika hivyo, kumwita mtu marehemu ni kama kumtolea hukumu isiyokuwa yako. Wapo hata wanaosema Mwislamu mwenyewe asiitwe hivyo kwa kukata, bali aombewe: Mungu amrehemu.

Ila neno likishahamia Kiswahili huanza kufuata desturi za mwenyeji. La kwanza, tulilivua jinsia: tunasema marehemu baba na marehemu mama, wala hakuna anayesema marehema. Kisha tukalivua dini. Misalaba mingapi ya makaburini imeandikwa "Marehemu"? Matangazo ya vifo redioni, je? Mkristo anayelitumia hafikirii msikiti, anafikiria mtu wake aliyekufa. Kwa hiyo ami yako anazungumzia neno la Kiarabu, nawe uliandika la Kiswahili. Mheshimu, maana hoja yake ni ya imani na ina uzito wake mahali pake, lakini kwa upande wa lugha sikuoni na kosa.

Mzee wa kahawa naye ameleta kisa kizuri zaidi. Hayati, kwa Kiarabu, ni uhai! Anayesikiliza nyimbo za Waarabu amelisikia likiimbiwa mpenzi: ya hayati, ewe uhai wangu. Sisi tumelichukua neno hilo hilo tukamvika maiti. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba mtu mkubwa hafi moja kwa moja, kazi yake hubaki hai, ndiyo maana akaitwa hayati. Mimi sigombani na maelezo hayo, ingawa yana harufu ya kutungwa baada ya watu kulizoea neno.

Linavyotumika leo, Kenya na Tanzania, hayati ni neno la heshima, karibu liwe cheo. Utasikia Hayati Mzee Jomo Kenyatta, Hayati Baba wa Taifa Mwalimu Nyerere. Huwezi kumsikia mtu akisema "hayati jirani yangu aliyekuwa akiuza viazi karai" ila kwa mzaha. Hiyo ni mazoea tu, si sheria ya sarufi. Rais akiitwa marehemu hajavunjiwa heshima, maana marehemu ni dua, na sijui ni rais gani asiyehitaji dua.

Ninachotaka ukiangalie ni jinsi watu wanavyochagua. Kiongozi wa zamani akifa, sikiliza jina lake linatanguliwa na nini, utajua msemaji alikuwa wapi enzi zile. Daniel arap Moi alipofariki tarehe 4 Februari 2020, akiwa na umri wa miaka 95, redio zilisema hayati kuanzia asubuhi hadi usiku. Barazani kwetu haikuwa hivyo. Waliokunywa shuleni maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali yake, walimtaja kwa upole, "marehemu mzee Moi", na mmoja akaanza kuhadithia ile pakiti ya pembetatu. Waliokumbuka mwaka 1992, chama cha Kiislamu cha IPK kiliponyimwa usajili na Mombasa ikajaa moshi wa mabomu ya machozi, walisema "Moi" tupu. Hawakumtukana. Walimnyima neno la mbele, basi. Na huyu ndiye aliyekuwa akitangulizwa kwa "Mtukufu Rais" katika kila taarifa ya habari kwa miaka 24.

Watanzania nao wana mwendazake. Ukilitazama ni neno lisilo na ubaya, mtu aliyekwenda zake. Lakini baada ya kifo cha John Magufuli, Machi 2021, liligeuka jina la kumtajia yeye, hasa midomoni mwa waliomchoka, na wapenzi wake wakilisikia hukunja uso hadi leo. Kamusi haitakwambia hayo. Ukivuka mpaka pale Horohoro, lishike neno hilo kwa tahadhari.

Na kufa kwenyewe je? Si tusi. Kwa adabu husemwa kufariki, ambako ni kufarikiana na dunia, au kuaga dunia, lakini kufa kuna kazi ambayo hayo mengine hayaiwezi. Kenyatta alifia hapa hapa Mombasa, Ikulu, tarehe 22 Agosti 1978. Nyerere alifia London mwaka 1999. Jaribu kulisema hilo kwa kufariki, utalazimika kuongeza "akiwa" na "mjini", sentensi irefuke kama foleni ya feri Likoni. Tena kufa ndiko kumetupa kufiwa, na hakuna neno jingine linalomweleza aliyeachwa kwa ufupi kiasi hicho.

"Pumzika kwa amani" sikupendi nalo sana, nisamehe. Limeingia juzi likifuata zile herufi tatu za Kiingereza zinazoandikwa kila mahali, na linampa maiti amri. Desturi ya pwani ni kumgeukia Mungu: Mungu amrehemu, Mungu amlaze mahali pema. (Pema, tafadhali, si "mwema". Mahali huchukua pa-.) Kwa wafiwa tuna makiwa, neno la kale linalotoka nyumba moja na mkiwa na ukiwa, yaani upweke wa aliyeondokewa. Bibi zetu waliingia matangani wakisema "makiwa" wakakaa kimya. Siku hizi ni "poleni", na si vibaya, ila makiwa linanigusa zaidi.

Sasa nikurudishe kwenye ujumbe wako, maana kosa lilikuwamo kweli, na wazee wote wawili walilipita. Uliandika "aliyekuwa waziri mkuu wa zamani". Aliyekuwa tayari imeshasema kwamba cheo kilikwisha. Ukiongeza "wa zamani", umetuambia kwamba hapo nyuma alikuwa mstaafu, na sasa hata ustaafu wenyewe umemwisha! Magazeti hulifanya kosa hili kila kiongozi anapokufa. Andika "aliyekuwa waziri mkuu" au "waziri mkuu wa zamani", moja kati ya hizo.

"Mstaafu" singekushauri kwa Raila. Kustaafu ni kuiacha kazi na kupumzika. Moi aliondoka 2002 na Kibaki 2013, wote wakarudi nyumbani, hao ni marais wastaafu. Kenyatta alifia madarakani, kwa hiyo hakustaafu kamwe. Raila aliupata uwaziri mkuu mwaka 2008, ukamwisha 2013, na mwaka huo huo alikuwa debeni akiutafuta urais, tena 2017, tena 2022. Huyo alistaafu lini?

Basi ukiufungua tena ujumbe wako, marehemu liache lilipo. Futa "wa zamani", kisha mpigie ami yako umweleze kilichofutwa.