Wadogo zangu wa sarafu, geuzeni upande wa pili

Wiki hii pekee nimeletewa sarafu tatu zilizoharibika, na kila mwenye nayo anasema "kosa la mtambo kaka", yaani iliharibikia kiwandani ilikogongwa, na wakusanyaji huitafuta kwa bei. Jamani! Nawapenda ila mnanichosha, maana haya haya niliyafanya mimi na bado yananiuma.

1. Imekuwa bapa, pana, sura imefutika: reli hiyo. Watoto wa Iyunga, Mbeya, wanaitega TAZARA, treni inapita. Twende.

2. Mia nyeupe. Mia yetu ni chuma kilichovikwa shaba ya manjano, sasa uliza kwanza imetoka wapi, maana kama ni Chunya kwa wachenjuaji dhahabu basi zebaki imeigusa ikageuka nyeupe. Usiisugue kwa kidole, na usiichome kabisaaa, mvuke wake ni sumu!

3. Igeuze. Hapa nikae kidogo. Mama mmoja muuza viazi Mwanjelwa aliniletea mia mbili, upande wa simba una sura ya Karume imezama ndani tena kinyume, kama kwenye kioo. Moyo ulinienda mbio. Nilishasoma kwamba sarafu ikinasa kwenye mtambo, inayofuata inagongwa juu yake na kutoka hivyo, nikamwambia mama usiuze chini ya laki mbili. Akamkatalia mtu aliyempa elfu kumi na tano, akakopa nauli kikoba, akapanda basi mpaka Dar. Mzee wa sarafu kule akaigeuza tu. Upande wa pili umebondeka, una alama za meno ya jiriwa (kile kibanio cha fundi), na chini ya shingo ya Karume mgongo wa simba bado unaonekana. Fundi fulani alibana sarafu mbili pamoja akakaza. Ingekuwa ya mtambo, simba asingekuwepo kabisa na upande wa pili ungekuwa safi. Mama akanipigia simu, hakufoka, akauliza tu, "Mwanangu, kwani hukuigeuza?" Nauli nilimrudishia kwa awamu mbili. Elfu kumi na tano yake sijui nitaifidia vipi, nikipita sokoni ananiongezea viazi na mimi nashindwa hata kumtazama.

4. Iliyomegwa pembeni: tazama ukingo wa mkabala na pengo. Ukiwa hafifu kuna matumaini ni ya mtambo, ukiwa mkali huenda imekatwa mtaani. Pima na mizani ya dhahabu kabla hujaniita.

Na mkinitumia picha, pande zote mbili pamoja na ukingo. Ya upande mmoja sijibu.