Mzee amekuonya, na unauliza kama ni lazima ukubali

Mwanangu Tumaini,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili. Mzee wa kanisa amekuita pembeni baada ya ibada, akakuambia si sawa wewe mhazini kuweka michango ya kwaya kwenye laini yako ya simu, tena ukachukua sh. 40,000 za sare ukalipia kodi, ukazirudisha siku ya tatu. Unasema hukuiba hata senti, na sauti yake imekuchoma. Unauliza kama ni lazima ukubali.

Kubali. Ila umefunga mambo matatu kwa kamba moja: alilosema, alivyolisema, na lililokuwa moyoni mwake. La moyoni hulijui. Alivyolisema huenda alikosea. Wagalatia 6:1 inamtaka anayeonya awe na roho ya upole, na wazee wetu wengine upole huo huuacha nyumbani pamoja na mwavuli. Lakini alilosema ni kweli, umeliandika kwa mkono wako mwenyewe. Halafu mpe haki yake: alikuja kwako peke yako, kama Mathayo 18:15 inavyoagiza, wala hakulimwaga kwenye kundi la WhatsApp la kwaya.

Soma 1 Samweli 15 taratibu. Mfalme Sauli anatamba kwamba ametimiza amri ya Bwana, na huku kondoo aliotakiwa kuwaua wanalia nyuma yake. Akibanwa, anasema ni watu ndio waliowaacha hai. Akibanwa zaidi anakiri, na katika mstari wa 30 anaomba hapo hapo aheshimiwe mbele ya wazee. Daudi alikuwa na kosa zito, mke wa mtu na damu juu yake, lakini mbele ya nabii Nathani aliyekuja kumkemea jibu lake ni fupi: nimemfanyia Bwana dhambi. Hakuongeza neno.

Maungamo mengi huharibikia kwenye neno la kuongeza. "Samahani mzee, ila nilirudisha." Ni kweli ulirudisha, lakini hapo umelisema ili anyamaze. Wengine hulia mpaka aliyekuja kuonya anageuka mfariji na onyo linapotea. Wengine hukubali upesi ili yaishe.

Kwa hiyo usimpigie leo. Lala nalo siku moja, zisizidi mbili. Ukifika wiki utakuwa umeshawasimulia watu watano, na kila mmoja amekuchochea kidogo. Mwendee mwenyewe, umwamkie, useme: "Uliloniambia ni kweli. Nilitumia sh. 40,000 za kwaya bila ruhusa, naomba unisamehe. Jumapili nitawaeleza viongozi wa kwaya." Kisha nyamaza. Akirudia kwa ukali, mwache amalize.

Zakayo mtoza ushuru alipotubu alitaja hesabu, nusu ya mali kwa maskini na mara nne kwa aliowadhulumu. Nawe omba taarifa ya miamala ya laini yako tangu ulipoanza uhazini, uilinganishe na daftari mstari kwa mstari. Kila mchango utolewe stakabadhi. Fedha taslimu zihesabiwe na watu wawili, wote watie saini siku hiyo hiyo. Salio lihamie akaunti ya benki ya kikundi yenye watia saini wasiopungua wawili. Kununua laini nyingine kwa jina lako hakutibu kitu. Mwenye laini ni yule yule na mwenye nyumba anadai vile vile.

Umeandika pia kwamba huwezi kuomba mpaka mambo haya yanyooke. Hapo umeanzia mwisho. Tito 2:11-12 inasema neema ndiyo inayotufundisha kukataa ubaya. Imetangulia, hatuinunui kwa kujirekebisha. Mtazame Petro. Alipojitenga na Mataifa, yaani waumini wasio Wayahudi, mezani kule Antiokia, Paulo alimkemea mbele ya wote, kwa kuwa kosa lilikuwa la hadharani. Petro huyo huyo ndiye anayetuambia tukue katika neema, 2 Petro 3:18, na mistari mitatu tu kabla ya hapo anamtaja Paulo: ndugu yetu mpenzi. Kwa hiyo omba leo usiku, daftari likiwa bado na mapengo.

Ukimaliza kulinganisha, nipigie unitajie salio. Na kodi ya mwezi ujao ikikubana, niambie mimi kabla ya tarehe 25.

Mama yako